Shimo la Baraka la Mzee Longinus

"Ukisikia mbwa anabweka Kibondo, ujue kazaliwa kwangu!"

Maneno hayo mzee Longinus aliyasema mbele ya watu, kwenye uwanja wa shule hapa Kasulu, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wenzake walikuwa kwenye foleni, wanavutana na mbwa wao kwa kamba za katani. Yeye alikuja mikono mitupu, kuangalia tu, kama mtu aliyefika msibani kwa ajili ya wali.

"Mbwa wangu hajawahi kuonja kitu kilichopita motoni," akaendelea. "Mapafu mabichi, utumbo mbichi! Nyie mnawapa ugali, halafu mnashangaa mwizi anaingia na kuwapapasa kichwa."

Tulicheka, na wengine tukamwamini. Longinus ni mlinzi wa maduka, alihamia hapa kutoka Titye zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na hakuna mtu mtaani anayewajua mbwa kama yeye. Mtaa wenyewe upo nyuma ya machinjio madogo, nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akikaanga kitunguu, nyumba tatu zinapiga chafya. Uzio hakuna. Mchana mbwa wanazurura, wanapita jalalani, wanapita mtaroni, kisha wanakwenda nyuma ya machinjio kungoja mapafu na maini yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama. Jioni kila mmoja anarudi kwao na alichookota.

Jike la Longinus liliitwa Madamu. Manyoya yake yaling'aa kuliko viatu vya mwalimu mkuu. Madamu, kama mama yake kabla yake, na kama bibi yake pia, alizalia kwenye shimo moja tu, chini ya migomba nyuma ya nyumba. Lilipaswa kuwa shimo la choo. Longinus alichimba futi mbili akakutana na mwamba, akaliacha. Jike lake la kwanza likaingia humo likazaa watoto wanane, wakapona wote wanane, wakanunuliwa mpaka Kibondo na Gwarama. Kuanzia siku hiyo likawa shimo la baraka. Hakuna jike lililoruhusiwa kuzalia kwingine, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulifagia. Mkewe alijaribu mara moja.

"Weka ufagio chini," Longinus akamwambia. "Baraka inafagiliwa?"

Basi udongo wa mle ukakaa miaka kumi na moja, wenye kivuli, wenye unyevu, na wenye kila kitu ambacho mbwa huacha nyuma yake.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Esteria, mjane, tunamwita mama Yusta. Anauza vitumbua asubuhi karibu na stendi, na kwa vitumbua hivyo anawalea wajukuu watatu. Ugomvi wake na Longinus ulikuwa wa siku nyingi na ulikuwa na sababu moja: Madamu alipenda kujisaidia pembeni ya pipa lake la maji, pale pale wajukuu wanapochezea bila viatu. Alisema, akarudia, akachoka. Jumapili moja, amevaa gauni lake la kanisani, akakanyaga. Akasimama kwa mguu mmoja katikati ya uwanja, akapaza sauti:

"Na azae mbwa wako huyu! Lakini hutafaidi hata mmoja!"

Mtaa mzima ulisikia. Hilo ndilo lililokuja kumponza.

Wiki mbili baadaye Madamu alizaa watoto sita. Walivimba matumbo kama mipira, Longinus akafurahi, akatuonyesha. "Mnaona shibe hiyo?" Walipofika wiki ya tatu, mmoja akalegea, fizi zimekuwa nyeupe kama chaki. Akafa. Wa pili akamfuata kesho yake. Mpaka wiki inaisha walikuwa wamebaki watatu, na Longinus alikuwa amekwishapata jibu.

"Mama Yusta kanifungia uzazi wa mbwa. Kama si uchawi, basi ni sumu. Mlimsikia wenyewe."

Neno la namna hiyo huku kwetu halihitaji miguu. Asubuhi ya pili beseni la mama Yusta lilirudi nyumbani limejaa nusu. Ya tatu, limejaa. Wateja wa miaka walipita mbele yake wakiwa wameinamia simu, hata wale ambao simu zao tunajua hazina chaji. Tulijua pia, ingawa hakuna aliyetamka, kwamba mjane akishaitwa jina lile, kinachofuata huwa si kukosa wateja tu. Wajukuu wakaanza kushinda ndani.

Longinus akaenda kwa Nickson, mwenyekiti wa mtaa, akataka baraza liitishwe, Esteria ahame.

"Ushahidi uko wapi?" Nickson akamuuliza.

"Si alisema mbele ya watu?"

"Mzee, hata mke wangu husema nitakufa na njaa, na mpaka leo sijafa. Lete karatasi ya dokta. Ikisema sumu, Jumamosi tunakaa, mama ahame. Isiposema, usinisumbue."

Longinus akamtia mtoto wa nne wa Madamu, aliyekufa alfajiri hiyo, ndani ya mfuko wa saruji, akaenda kwa Asmahani. Huyu ni afisa mifugo, mtu wa Tanga, anavaa hijabu na mabuti ya mvua. Alipofika hapa mwanzoni, watu walimuuliza inakuwaje Mwislamu ashike mbwa. Akawajibu, "Nanawa. Wewe unayemlaza sebuleni, unanawa?" Hakuulizwa tena.

"Dokta, mwakeye. Nataka uandike hapa sumu," Longinus alimsalimia kwa Kiha na kumwambia, kabla hajaketi.

"Mzee wangu, karibu kwanza. Tumtazame, kisha tuandike."

Akavaa glavu, akampasua yule mtoto juu ya meza ya mbao nyuma ya ofisi. Longinus akasogea kuona. Ndani ya utumbo mlikuwa na minyoo mirefu, myeupe, imesongamana kama tambi za sikukuu. Asmahani akakipasua kipande kingine, akamwonyesha vijinyoo vifupi kama nyuzi, vimeng'ang'ania ukutani mwa utumbo, na alama za damu kila vilipouma.

"Hii sumu yako, mzee, inatembea," Asmahani akasema.

"Mchawi anaweza kutuma minyoo."

"Mchawi gani huyo mwenye subira ya kuhesabu yote hii? Mtoto huyu hakuwa ameshiba, alikuwa amejaa. Hawa wafupi ndio waliomnywa damu. Analala wapi?"

Longinus akamweleza shimo. Alilielezea vizuri, kwa fahari, mpaka historia ya wale wanane. Asmahani akaacha kuandika.

"Miaka kumi na moja? Halifagiliwi?"

"Ni la baraka."

"Na mama yao anakula nini?"

Hapo Longinus hakupaza sauti. "Mapafu. Maini. Ya machinjioni."

"Mabichi."

"Mabichi, dokta. Lakini mama yao ni mzima! Anang'aa!"

"Mama ni ghala la minyoo, mzee. Yeye amekwishazoea, anabeba tu. Watoto wanaichukua tumboni mwake, wanainyonya kwenye maziwa, na wanaolala kwenye udongo ule wanaingiliwa hata kupitia ngozi. Mara ya kwanza shimo lilikuwa safi, ndiyo maana walipona. Kila uzao ukaongeza mbegu. Na nyama ile mbichi ina minyoo yake mingine, ya kwake mwenyewe." Akaiweka kalamu mezani. "Kuna watoto wa binadamu wanaocheza hapo bila viatu?"

Longinus aliwajua kwa majina, wote watatu.

Akaondoka na vitu viwili: dawa ya minyoo ya Madamu na ya wale wawili waliobaki, na karatasi yenye mhuri. Ile dawa aliitumia siku hiyo hiyo. Karatasi aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akakaa nayo siku mbili.

Siku hizo mbili sipendi kumcheka. Karatasi aliiona yeye na dokta tu. Angeichoma, angesema wino wa mhuri umeisha ofisini, na mtaa ungemaliza wenyewe kazi uliyoianza. Akiitoa, nani wa Kibondo atanunua tena mbwa wa Longinus? Jina lake zima lilikuwa mle shimoni. Siku ya pili, mchana, akiwa kibarazani, alimwona mama Yusta akirudi kutoka stendi. Alishusha beseni, akafunua kitambaa, akaanza kuwamwagia kuku vitumbua vyote.

Longinus akainuka, akachukua koleo. Akamtoa Madamu na wale watoto wawili, akalichoma shimo la baraka kwa majani makavu, kisha akalifukia na kulishindilia kwa miguu. Tulikuja kuangalia. Alipomaliza akaenda kwa Nickson na karatasi, akaisoma mwenyewe kwa sauti, hata sehemu ya shimo.

Kisha akaenda kwa mama Yusta na dumu la pombe ya ndizi, maana kwetu haendi mtu kuomba radhi mikono mitupu.

"Baba, mimi nimeokoka mwaka wa kumi na mbili huu," mama Yusta akamwambia. "Hiyo rudi nayo."

"Sasa nikuombe radhi na nini?"

"Na mdomo. Si ndio ulionichafua? Kesho asubuhi uje nao stendi, watu wakiwa wengi."

Asubuhi Longinus alifika. Madereva wa bodaboda walikuwepo, wauza maparachichi walikuwepo, nasi tulikuwepo, hatukuwa na shughuli yoyote pale. Akasimama mbele ya beseni lililojaa.

"Mbwa wangu waliuawa na minyoo," akasema. "Minyoo ya kwangu, niliyoifuga mwenyewe. Huyu mama nilimsingizia."

Akachukua kitumbua, akakila chote, taratibu, akajipangusa mafuta kidevuni. Akageuka aondoke.

"Jirani," mama Yusta akamwita, mkono ameunyosha. "Hujalipa."

Kitumbua kimoja ni shilingi mia mbili.