Utu Mlangoni pa Wodi

Wanaohusika ni wawili: msimamizi Mzungu wa mgodi mmoja upande wa Geita, aliyetunga fasili, na mimi, karani wake, niliyeitafsiri na kuisimamia mlangoni. Naandika nikiwa mstaafu hapa Shinyanga, kwa kuwa katika kila taarifa niliyoisoma kuhusu mgodi ule kosa lile limeachwa bila mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Msimamizi alipenda vitabu vya wanafalsafa wa Ulaya ya zamani, wale walioiamini akili kuliko macho. Kazi ikipungua alinifundisha: kila kitu kina asili isiyobadilika, na akili huijua asili hiyo bila kukagua kimoja kimoja. Duara ni duara hata kama hakuna mkono uliowahi kulichora. Akaniuliza Kiswahili husemaje. Nikamjibu kwa fahari kwamba herufi moja inatutosha: mchimbaji ana uchimbaji, mtu ana utu. Alifurahi mno. Wiki ile ile akaamuru wodi ya mgodi ipokee wachimbaji peke yao. Na uchimbaji, akafasili, ni kuvunja mwamba chini ya ardhi.

Asubuhi moja akaja mtu wa kinu cha kusaga mawe, ameegemea bega la mama yake. Kwa miaka mingi alikuwa amevuta vumbi la mawe yale yale yaliyopandishwa kutoka chini. Alihitaji kitanda na daktari, si zaidi.

"Kazi yako iko juu ya ardhi," nilimwambia. "Wewe si mchimbaji."

"Basi liambie vumbi, bwana karani." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkata. "Limekosea mtu."

"Ng'wanawane," mama yake akaniita mwanawe, kwa Kisukuma, "mlaze hata sakafuni. Huna utu?"

Nikarudia somo langu. "Mama, utu haumtoki mtu. Ndiyo asili yake."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Labda kwa huyo Mzungu wako. Kwetu unatoka. Wako nautafuta hapa, siuoni."

Papo hapo nilijua kwamba nimetafsiri vibaya. Asili waliyoisema wanafalsafa haipotei. Utu wetu hupotea, na anayeupoteza hubaki na miguu, mikono na kalamu. Nilijua hivyo, na bado nikafunga mlango. Yule mtu wa kinu alikata roho barazani kabla ya adhuhuri, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Kwenye safu ya sababu ya kukataliwa niliandika: si mchimbaji. Tangu siku hiyo sijapata hoja ya kunitoa pale.

Kwa hiyo namtaka mwenye dhamana ya kumbukumbu za mgodi ule aeleze kwa maandishi, ndani ya muda unaokubalika kisheria: amri ile iliidhinishwa na nani, watu wangapi wa kinu walirudishwa, na kwa nini hakuna aliyehojiwa. Mahojiano yaanze na mimi.