Nani Hapa Anaitwa Bibi?

Risasi hakupata jina lake vitani. Alilipata kiwandani, katika kiwanda kidogo cha chapa ambako vidole vyake viligeuka kijivu kwa kushika herufi za madini ya risasi tangu ndevu hazijamtoka. Alikuwa mpanga herufi. Alizichomoa visandukuni bila kuzitazama, kama mtu anayekula karanga gizani, akazipanga kinyumenyume mpaka sentensi isimame. Mimi nilikuwa msahihishaji wake. Yeye akipanga, mimi nasoma. Nikiona kosa nalizungushia duara. Ananitukana, anamtukana na aliyenifundisha kusoma, ambaye hakuwapo kwa kuwa nilijifundisha mwenyewe, kisha anarekebisha. Elimu yangu yote nimeipata kwa kutukanwa na Risasi.

Ukurasa ukikamilika ulifungwa kwa kamba na kulazwa kwenye trei ya bati, naye akaushusha ngazini kwa mikono miwili. Chini alisubiri Wino, mwendesha mashine, aliyemwoa dada mdogo wa Risasi.

"Shemeji, shika!"

"Nimeshika!"

Mpaka neno hilo lisikike, Risasi hakuachia. Ukurasa ukianguka kabla ya "nimeshika," Risasi ndiye aliyepiga magoti kuokota herufi sakafuni. Ukianguka baada yake, aliokota Wino. Hatukuwa na kanuni nyingine, wala hatukuihitaji.

Mashine yenyewe tuliiita Bibi. Ilikuwa pana nyonga, ililalamika kila asubuhi mpaka ipate joto, na haikumpenda mtu mwenye pupa. Mwenye kiwanda alikuwa na binti mdogo aliyelazwa mchana juu ya marobota ya karatasi, na mtoto yule hakupata usingizi mpaka amsikie Bibi akinguruma.

Baba yake alipofariki, binti, sasa mtu mzima, alikirithi kiwanda. Bibi akakatwakatwa akawa chuma chakavu. Herufi zikayeyushwa zikawa betri za magari. Mimi nikaambiwa kompyuta inajisahihisha yenyewe, nikaenda nyumbani; tangu hapo makosa yamejaa katika kila karatasi ninayookota. Risasi akabaki, kwa kuwa alikubali kujifunza. Aliwekewa kompyuta juu, Wino akawekewa yake chini, iliyounganishwa na mtambo mpya usio na nyonga. Ukutani, katikati ya ngazi, kikatundikwa kisanduku cheusi chenye taa za kijani zinazokonyeza kama mtu anayejua siri yako.

Utaratibu ulikuwa huu: ukurasa ukiisha, Risasi aliandika jina la mashine ya chini, ikafunguka folda iitwayo Kazi, akautupa humo. Jina hilo alilichagua Wino, naye hakufikiri mara mbili: bibi. Basi ukurasa ulizama ukutani ukaibukia chini. Hakuna trei tena, hakuna mikono wala "nimeshika."

Siku moja ukurasa haukuibuka.

Kilikuwa kijitabu cha mazishi. Wafiwa walifika kukichukua wakakuta mtambo umekaa kimya na Wino anafuta meza.

"Mimi sijaletewa kitu," alisema Wino.

"Nimekutumia asubuhi," alisema Risasi. "Nimetuma mara mbili."

Bosi, yule binti wa juu ya marobota, alisimama kati yao mbele ya wafiwa, akainamisha kichwa kwa aibu. Kesho yake Risasi alituma kazi nyingine, ikafika salama. Wiki iliyofuata zikapotea kurasa za kalenda ya shule. Kisha mialiko. Bosi akamwita ofisini, akafunga mlango kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha.

"Mzee wangu, umri si kosa. Lakini kazi nyingine ikipotea, utapumzika nyumbani."

Risasi alikuja kwangu jioni ile. Hakukaa, alizunguka chumba.

"Kurasa hazipotei ovyo," alisema. "Zinapotea siku ambazo bosi yupo kiwandani tu. Asipokuja, zinafika zote. Sasa niambie, ni nani anayetaka nionekane mwehu mbele ya bosi?"

Nilimjua anayemfikiria, na nakiri nilimsaidia kumfikiria. Wino alikuwa na mpwa wake asiye na kazi aliyesomea mambo ya kompyuta. Kiti cha juu kikiwa wazi, nani angekikalia? Kikulacho ki nguoni mwako. Tulilisema pamoja, kama watu waitikiao dua.

Tangu hapo Risasi akawa mpelelezi. Alishuka ngazi kwa viatu mkononi. Aliomba gundi asiyoihitaji, apate kuchungulia kioo cha kompyuta ya Wino. Siku aliyomkuta Wino anapiga mluzi, alirudi juu akiwa na hakika: mtu asiye na hatia apige mluzi wa nini? Dada yake alipompelekea chakula, alikinusa kwanza.

"Kaka, umeanza lini kunusa chakula changu?"

"Muulize mumeo."

Ndipo alipomvizia fundi wa kompyuta, msichana mwenye miwani aliyekuja kusafisha mitambo.

"Mwanangu, nifundishe kuijua kompyuta ya mtu mwingine ilipo."

"Ya nani, babu?"

"Ya mtu. Nataka kujua kama imehama."

Msichana alicheka, akafungua dirisha jeusi kwenye kioo. "Tazama. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Majina ni yetu sisi wasahaulifu. Ukiandika 'bibi', mashine yako inakiuliza kile kisanduku ukutani: nani humu ndani anaitwa bibi? Kisanduku kinarudisha namba, na mzigo unakwenda kwenye namba hiyo. Ni majina ya humu ndani tu. Mkitoka mlangoni, hakuna anayemjua bibi wenu."

Akamwonyesha kuandika ping, amri ya kuibishia hodi kompyuta nyingine, kisha nafasi, kisha jina. Namba zikajitokeza: mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane, nukta, moja, nukta, kumi na nne.

"Tatu za mwanzo ni za nyumba nzima, kama jina la ukoo. Hii ya mwisho ndiyo ya mtu mwenyewe. Wino ni kumi na nne."

"Kumi na nne," alisema Risasi, na hakuisahau tena.

Siku hiyo bosi hakuwapo. Alipokuja, siku mbili tatu baadaye, Risasi alikuwa na kadi za kliniki za kupeleka chini, kazi ambayo ikipotea, imempoteza na yeye. Kabla ya kutuma, alifungua dirisha jeusi akauliza. Jibu likaja: ishirini na mbili.

Hakutuma. Aliinuka, akashuka ngazi akikanyaga kwa kishindo ili asikike na kila mtu.

"Mwizi! Nimekukamata leo!"

Wino alikuwa na kitambaa cha mafuta ya taa mkononi. "Shemeji, unamwita nani mwizi?"

"Umehama! Juzi kumi na nne, leo ishirini na mbili! Bosi akija unahamisha namba, kazi zangu zinadondokea kusikojulikana, ili mpwa wako akalie kiti changu! Na dada yangu anakupikia!"

Bosi alitoka ofisini. Fundi, aliyekuwa ameinama chini ya meza akivuta waya, alitoa kichwa.

"Rudia neno," alisema Wino taratibu.

"Mwizi."

Wino alikitazama kile kitambaa, akakikunja, akakiweka. Akamgeukia fundi. "Mwanangu, kuna njia ya mashine kusema namba yake yenyewe, bila kuulizwa na mwingine?"

"Ipo." Fundi aliinama kwenye kompyuta ya Wino, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri ya kuitaka mashine ijitaje. Wote tukasoma (nasema wote, maana nami nilikuwapo mlangoni, Risasi alikuwa ameniita tangu asubuhi nije kushuhudia ushindi wake): kumi na nne.

"Haijahama," alisema fundi. "Yuko palepale."

"Basi ishirini na mbili ni nani?" aliuliza Risasi. Sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo, lakini macho bado yalimwinda Wino.

Fundi alikwenda kwenye kisanduku, akarudi amekunja uso. "Kuna wajina. Humu ndani mna bibi wawili. Wa pili akiingia na jina hilohilo, kisanduku chenu kinampa jina aliyefika mwisho."

"Basi hakina akili," nilisema.

"Hakina macho, babu. Kinasikia jina tu."

Zamani mtaani ukiita "Mama Mkubwa!" milango mitatu ilifunguka, lakini uliona nyuso ukajua uliyemtaka. Sikulisema hili. Hakuna aliyekuwa akinisikiliza, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama bosi, naye alikuwa anaitazama kompyuta yake nyembamba iliyokuwa kwapani, ile aliyokuja nayo kila alipokuja kiwandani tangu wiki ya kile kijitabu cha mazishi.

"Yangu inaitwa bibi," alisema. "Niliipa jina mwenyewe. Baba alipofariki."

Aliiweka juu ya meza ya Wino. Fundi aliifungua. Mlikuwa na folda iitwayo Kazi, kwa kuwa fundi aliziandaa mashine zote kwa mtindo mmoja. Bosi alidhani ni vitu vya fundi, hakuwahi kuigusa. Ndani yake, kwa mpangilio mzuri, mlikuwa na kijitabu cha mazishi, kalenda ya shule, na mialiko, kila kimoja kimetumwa mara mbili.

Bosi alishika ukingo wa meza. "Mzee Risasi, nilikuaibisha mbele ya watu kwa kazi niliyoibeba mwenyewe kwapani. Kiti ni chako mpaka ukichoke mwenyewe."

Hapo ndipo Risasi angefurahi. Lakini alikuwa anamtazama Wino, na Wino alikuwa anamtazama fundi.

"Jina moja lazima libadilike," alisema fundi. "Nani anaachia?"

"Mtoto abaki na Bibi wake," alisema Wino. "Mimi badilisha yangu."

"Tuiite nani?"

"Mwizi."

"Shemeji…" alianza Risasi.

"Andika, mwanangu. Herufi tano tu. Zamani angezipanga kabla hujapepesa jicho."

Fundi aliandika. Nami nilirudi nyumbani peke yangu, nikimshuku zaidi mtu ninayemwona kwenye kioo cha kunyolea, kisha nikaona afadhali kukilaumu kisanduku.

Tangu siku ile hakuna ukurasa uliopotea. Fundi alimwambia Risasi kwamba anaweza kuandika namba badala ya jina, kumi na nne, na mzigo utafika vilevile. Risasi alikataa. Kila asubuhi, kazi ya kwanza ikiwa tayari, huandika kwa mkono wake neno alilolitamka, herufi moja baada ya moja mpaka ya mwisho, na mashine ya shemeji yake huitika. Nyumbani kwa dada yake bado anakwenda, lakini Wino hula mapema akatoka.

Juzi nilipita kiwandani. Risasi alituma ukurasa, akaketi kusubiri mtambo wa chini uanze kunguruma. Haukuanza. Badala yake sauti ikapanda ngazi, sauti ambayo hatujaisikia tangu Bibi akatwe vipande:

"Mwizi kashika!"

Risasi aliinuka, akaenda kusimama kichwani pa ngazi, kichwa ameinamisha upande, akisikiliza kama ndani ya sauti ile mna kicheko au mna kisu. Alisimama pale hadi nakala zote zilipopigwa chapa. Hajajua bado. Mimi nadhani kisu, lakini mimi ndivyo nilivyo.