Ukurasa wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata nafasi ya kukung'uta vumbi. Nilitoka kwetu Garissa, nikashuka Bute, kaskazini mwa Wajir, na sanduku moja na barua ya kuajiriwa, na Mwalimu Mkuu wa shule ile ya bweni ya wasichana akanipokea kwa rundo la madaftari. Alikuwa mtu wa Wajir, mrefu, ndevu zake zimepakwa hina, na Kiswahili chake kilinikumbusha cha baba yangu, kila p ikitoka b.

"Mwalimu, karibu," alisema. "Hawa watoto akili iko. Mbango ndio hakuna. Wewe utawafundisha baiolojia, na utawafundisha mbango."

Mpango ndio ukawa kazi yangu ya maisha. Ninyi walimu vijana mnaoingia darasani leo mmesomea mambo haya chuoni, na mna majina marefu ya kuyaita. Sisi tuliyaokota njiani. Nilimfundisha mtoto kutengeneza ratiba binafsi, yaani karatasi inayomwonyesha saa hii anasoma nini bila kungoja kengele. Nilimfundisha kukata kazi, maana insha haiandikwi kwa mkupuo mmoja: leo unakusanya hoja, kesho unaandika, kesho kutwa unasahihisha. Zaidi ya yote nilisisitiza muhtasari wa somo, uandikwe na utunzwe. Kila Alhamisi nilikagua madaftari, kalamu nyekundu nimeichomeka kwenye hijabu. Nilikuwa mkali, tena ukali wenyewe nikiupenda.

Habiba alikuwa kidato cha tatu. Baba yake, mfuga ngamia, alimleta mwenyewe mwanzoni mwa muhula, akamwambia Mwalimu Mkuu mbele yangu: "Mimi nimemwacha kwenu. Lakini siku akirudi na barua ya aibu, shule imekwisha." Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana sote tulimwamini.

Alhamisi tatu mfululizo daftari la Habiba lilikuwa tupu. Nikamwandikia kwamba ni mvivu. Kisha ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Nilipofika kwenye jibu lake kuhusu kazi ya figo, niliacha chai ipoe. Lilikuwa kitabu chenyewe, neno kwa neno, mpaka nukta na mkato. Mtu asiye na mstari hata mmoja daftarini ameyajuaje haya? Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: UMENAKILI. Sikumwita kumwuliza. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

Asubuhi yake tulikuwa watatu mle ofisini. Barua ya kumrudisha nyumbani ilikuwa juu ya meza, imebaki kupigwa mhuri tu. Habiba alisimama akiitazama, mikono ameificha ndani ya hijabu. Mimi nikafungua daftari lake nionyeshe ushahidi wangu. Nilikuwa nimelipa kisogo dirisha, na jua likaangukia karatasi ile kwa ubavu. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, imesuguliwa mpaka ikawa nyembamba, na humo zilionekana alama za penseli iliyokandamizwa, mstari baada ya mstari mpaka chini.

"Ulifuta?" nikamwuliza.

"Ndiyo, Madam. Naandika, nasoma mbaka inaingia, halafu nafuta. Hiyo ingine itaandikwa wabi?"

Nilijua vizuri anachosema. Nami nimekulia dugsi, chuo cha Kurani, na nilikuwa na loh yangu, ule ubao wa mkononi. Unaandika aya kwa wino wa mkaa, unaihifadhi, unamsomea maalim, na akiridhika ndipo unaosha ubao uandike nyingine. Ubao uliooshwa ni ushahidi kwamba umesoma. Mtoto huyu alikuwa ameliosha daftari, na mimi niliyeosha loh miaka yangu yote ya utoto nikamwita mvivu, kisha mwizi.

Mwalimu Mkuu alifungua kitabu cha baiolojia katikati, akataja nambari ya ukurasa. "Soma hiyo." Habiba akafumba macho, akaanza, akiyumba kidogo mbele na nyuma. Alikariri hata kosa la mpiga chapa. Mzee akakifunga kitabu. "Sasa niambie. Ngamia ya baba yako inakaa siku mingi bila maji. Figo yake inafanya nini?"

Habiba akafumbua macho. Akakitazama kitabu kilichofungwa.

"Hiyo haiko kwa kitabu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Mwalimu Mkuu aliichana barua, akaitia kwenye pipa. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, huyu hakuiba. Huyu hujamfundisha."

Nilimwomba Habiba msamaha palepale, mbele ya mkubwa wangu, jambo ambalo siku hizo walimu hatukulifanya. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Tulianza upya, yeye na mimi. Nilimtaka aeleze kwa maneno yake, akakataa. "Madam, nikitia maneno yangu nitaharibu." Dugsini kubadili herufi moja ni kosa kubwa, na ni haki iwe hivyo. Nikamweleza kwamba Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, lakini kitabu cha baiolojia kimeandikwa na mtu anayekula wali kama mimi, na anaweza kukosea. Alilitafakari hilo wiki nzima. Mwishowe tukapatana: ukurasa wa kulia aandike ya kitabu, kwa wino, asifute. Wa kushoto uwe wake: swali, mfano wa kwao, na kile alichofanya kweli siku hiyo kando ya kile alichopanga. Swali lake la kwanza lilikuwa lile la ngamia. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo, tukalitafuta pamoja.

Nilipohamishiwa Takaba nilikwenda na ukurasa wa kushoto, na baadaye nikarudi nao Garissa. Afisa wa elimu mmoja aliyekuja kukagua aliniuliza mbinu hii inaitwaje kitaalamu. Nikamwambia inaitwa ukurasa wa kushoto. Hakufurahi, lakini aliandika.

Sasa nimestaafu, na ninayakosa mengi. Naikosa harufu ya chaki. Nazikosa sauti za wasichana wakijisomea chini chini kabla ya kengele, kila mmoja na lake. Na kumbukumbu yangu imeanza kunitoroka. Nina vidonge vya presha, na mchana siwezi kuapa kama vya asubuhi nimemeza.

Habiba ni mwalimu wa baiolojia hapa Garissa. Aliposikia, aliniletea daftari. Kulia ameandika dawa na saa zake. Kushoto naandika nilichofanya kweli. Kila Ijumaa alasiri anakuja kukagua. Siku hizi ananiita eeddo, yaani shangazi, lakini macho yake siku hiyo ni ya kazi tu.

Ijumaa iliyopita nilisikia tuktuk yake ikisimama mlangoni, na ukurasa wangu wa kushoto ulikuwa mtupu wiki nzima. Nikaujaza haraka: nimemeza, nimemeza, nimemeza, mpaka siku saba zikatimia. Alisoma, akahesabu vidonge vilivyobaki, akahesabu tena. Kisha akachomoa kalamu nyekundu kwenye hijabu yake, akaandika pembeni kwa herufi kubwa. Sikuhitaji miwani kulisoma neno lile; nililiandika mimi kwanza, kwenye mtihani wake.

Nilingoja anikemee. Badala yake alivuta kigoda, akaketi karibu yangu, akaushika mkono wangu.

"Eeddo," akaniuliza, "ilikuwaje?"