Mteja Bora wa Ploti Yetu

Shosho wa ploti yetu amefariki, na chuo kimoja hapa mjini Kericho kimebaki bila maabara. Habari hizo zilinikuta asubuhi nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado. Mama anayeuza mboga nje ya lango letu aliingiza kichwa mlangoni akasema, "Wewe wa gazeti, Shosho ametuacha. Ni ile kifua." Halafu akaongeza, "Sasa hawa watoto wa chuo watasomea nani?" Kinyozi alizima mashine yake. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba mimi si mtu wa kutoa machozi hadharani, hasa nikiwa na nusu ya nywele, lakini siku hiyo yalitoka, na kicheko kikatoka pamoja nayo. Shosho angefurahi kuniona hivyo.

Niwaeleze alikuwa nani. Alikuja huku akiwa msichana kutoka milima ya jirani upande wa magharibi, akachuma chai katika shamba moja kubwa hadi mgongo ukakataa, na mgongo ulipokataa mashine za kuchuma zikawa zimeshafika. Mfanyakazi wa shamba akistaafu hurudisha kikapu na hurudisha nyumba. Asiye na pa kurudi huteremka mjini akakodi chumba. Shosho alikodi chumba cha mwisho katika ploti yetu, karibu na bomba la maji, mkabala na mjane mmoja Mkipsigis tuliyemwita Kogo. Maneno yote mawili maana yake ni nyanya, moja la vijana wa mjini na jingine la Kikipsigis, na sisi wapangaji tulishukuru kwamba Kenya ina lugha nyingi, maana tungewatofautishaje? Wote wawili walikuwa na ulimi mkali, na wote wawili hawakuwa na mtu wa kuwabishia mlango.

Sasa kuhusu hicho chuo. Kiko ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Upande mmoja wanafundisha ususi, upande wa pili wanatoa stashahada ya ustawi wa jamii. Kila kijana anayepanda zile ngazi ameambiwa nyumbani kwao Merigi au Ndanai kwamba akimaliza atavaa kizibao chenye maandishi mgongoni, apande gari kubwa jeupe la shirika la misaada, na awe mtu wa warsha katika hoteli yenye bustani, huku akijengea watu uwezo. Hawaambiwi kwamba magari hayo meupe yamepungua sana siku hizi. Wengi wa waliohitimu wanaendesha boda boda, wanauza bima, au wamekuwa washereheshaji wa mazishi, kazi ambayo kusema kweli stashahada ile inaifaa sana. Lakini kabla ya kufika huko kwenye bima, kila mwanafunzi sharti afanye zoezi la kumtembelea mtu mwenye shida, amhoji, kisha aandike ripoti. Na mtu mwenye shida aliyekuwa karibu kuliko wote, kiasi kwamba mwalimu angeweza kufika kwake na kurudi kabla chai ya saa nne haijapoa, alikuwa Shosho.

Shida yake ilikuwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili, na dunia yake ilikuwa imegeuka maziwa. Kwa hivyo kila muhula tuliona kundi likiingia langoni, vijana nadhifu wenye kalamu, na mbele yao mwalimu wao, bwana mmoja mpole mwenye mkoba wa ngozi ambaye hakupenda kabisa neno maskini. "Sisi hatusemi maskini," aliwaonya. "Tunasema mteja." Shosho alilisikia neno hilo akaniita baadaye niketi. "Wewe wa gazeti, niambie. Mteja ni mtu ananunua kitu. Mimi nanunua nini kwa hao?" Nilimwambia pengine ni lugha ya kitaalamu. "Basi," akasema, "waniletee hiyo kitu nimenunua."

Kitu hicho kilichukua muda mrefu kumfikia. Wanafunzi waliandika vizuri sana. Waliandika kwamba mteja haoni, kwamba mteja ni mpweke, kwamba mteja apelekwe kwa wataalamu wa macho. Wote walipendekeza hivyo, muhula baada ya muhula, na wote walipata alama nzuri kwa pendekezo hilo. Wakati huo huo madaktari wa macho walikuwa wakija mara kwa mara kupasua watu katika uwanja wa kanisa moja upande wa pili wa mji, bila malipo, wakiwa na sharti moja tu: uje na mtu wa kukushika mkono na kukurudisha nyumbani. Shosho aliwaeleza vijana jambo hilo. Waliliandika pia.

Kisha akaja msichana mmoja kutoka Ndanai, mwembamba, mwenye haya, ambaye kwa maelezo ya mwalimu wake hakuwa na kipaji cha kuhoji. Siku ambayo wenzake walikuwa wanakaa darasani kusahihisha ripoti, yeye alifika ploti asubuhi na mapema, akamfunga Shosho leso kichwani, akamshika mkono wakaondoka. Walirudi jioni, Shosho akiwa na bandeji na miwani nyeusi, akitukana mashimo ya barabarani kwa furaha. Walienda tena kwa jicho la pili. Bandeji za mwisho zilipotoka alisimama karibu na bomba akatutazama wapangaji mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akasema, "Kumbe uko hivi? Sauti yako ilinidanganya." Msichana wa Ndanai hakuwa na ripoti ya kuwasilisha, na mwalimu alimwita mbele ya wenzake. Alimwambia kwamba amevuka mipaka ya taaluma. "Wewe si mtoto wa mteja," alisema. "Kazi yako ni kumwelekeza, si kumshika mkono." Alianguka somo hilo, akarudi kwao, na siku hizi anauza dawa za mifugo sokoni Ndanai.

Mngedhani hadithi inaishia hapo, kwa macho kufunguka na msichana kuonewa. Ngojeni. Muhula uliofuata kundi jipya liliingia langoni, na mwalimu akamkuta Shosho amekaa kizingitini anachagua maharagwe, akitupa vijiwe vidogo ambavyo hata mimi sikuviona. Alimtazama kama mtu aliyefika hotelini akaambiwa chakula kimeisha. "Mama, umepona," akasema. "Tunamshukuru Mungu." Halafu akageuka na kundi lake lote, wakavuka ua, wakabisha mlango wa Kogo, ambaye alikuwa na goti bovu. Kogo alikuwa amengojea siku hiyo kwa miaka. Alitoa viti, akatandika vitambaa, akawapa vijana mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyuni, akaanza kusimulia goti lake tangu lilipoanza kuuma. Kicheko chao kilisikika hadi barabarani. Shosho aliingia ndani akafunga mlango, na maharagwe yakabaki kwenye ungo. Kuku wa jirani waliyala.

Muhula mwingine ulipofika, nilikuwa nafua nguo bombani nilipomwona Shosho ametoka na ile miwani nyeusi, fimbo mkononi, akipapasa ukuta. "Ni nani hapo?" aliuliza kwa sauti ya unyonge. "Macho imerudi vile ilikuwa." Mwalimu alishindwa kuficha furaha yake. Kogo ndiye aliyepiga kelele kutoka ng'ambo: "Uongo! Huyu mama anaona! Jana ameniingizia uzi kwa sindano!" Mwalimu aliwageukia wanafunzi akawaambia kwa upole waandike kwamba kati ya wateja wa eneo hili kuna migogoro. Basi tangu siku hiyo Shosho akawa kipofu wa siku za masomo. Chuo kikifungwa, anasoma kitabu chake cha nyimbo bila shida. Chuo kikifunguliwa, anatafuta fimbo. Ploti nzima tulijua, na hakuna aliyetoboa siri yake isipokuwa Kogo, ambaye hakuaminika kwa kuwa naye alikuwa mteja.

Nilimwuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Hakukasirika. "Nikiwa kipofu nina wageni," alisema. "Wanakaa, wananiuliza nilizaliwa wapi, nilipenda nini nikiwa msichana. Mwingine analia kwa sababu ya mambo yao ya huko nyumbani, namnyamazisha. Nikiona, nina jirani tu. Na jirani ni wewe, na wewe unakuja tu ukikosa chumvi." Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya chumvi.

Mwili wake ulisafirishwa kwao kuzikwa, lakini kabla ya hapo tulimuaga hapa plotini, na chuo kilikuja kwa wingi kikiwa kimevaa vizibao. Mwalimu alipewa nafasi ya kusema. Alisema marehemu alikuwa rasilimali, mdau, na mshirika katika kuwajengea vijana uwezo. Kisha akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa dhati, kwamba Shosho alitufundisha sote jinsi ya kuishi na upofu kwa heshima hadi siku ya mwisho. Wapangaji tuliinamisha vichwa. Muuza mboga alikohoa sana. Nyuma kabisa, kando ya kamba ya nguo, alisimama mwanamke mwembamba aliyekuwa amefunika mdomo kwa leso, mabega yakimtetemeka, na waliokuwa karibu naye walidhani analia. Nilimtambua. Baadaye nilimfuata nikamwuliza kama alijua. "Nilijua," msichana wa Ndanai akaniambia. "Nilikuwa namtembelea nikija mjini kuchukua mzigo wa duka. Aliniambia, 'Usipitie hapa hao wakiwa hapa, utaniharibia kazi.'" Kisha kicheko kikamwisha, akalia kweli.

Sitaki kumrushia mwalimu mawe. Alifundisha alichofundishwa, na kilimfikisha kwenye mkoba wa ngozi. Sitaki kuwacheka wanafunzi pia, kwa sababu kuna wazazi kule vilimani wanaongojea gari jeupe liingie kwenye boma, na si kosa la kijana kwamba tumegeuza kumjali mtu kuwa kazi ya ofisi. Ninachokataa ni hiki. Zamani mtu alitembelewa kwa sababu yupo. Ukipita karibu na mlango wa mtu bila kuingia, uliulizwa umekosewa nini. Leo katika mji wetu huu wenye chai kila upande, kabla mtu hajakaa kwako akanywa kikombe kimoja cha chai ni lazima uwe na shida, tena shida nzuri, inayoandikika. Mwenye afya apambane na hali yake. Kisha tunashangaa kwamba wazee wetu wanaugua kila tunapofika! Mwenye macho anayejifanya kipofu ili abishiwe mlango hajatudanganya sisi. Tumemfundisha bei ya mgeni, naye ameilipa.

Kwa hivyo Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilivuka ua nikabisha kwa Kogo. Sikuwa nimekosa chumvi. Alifungua mlango nusu, mkono umeshika goti, akachungulia nyuma yangu.

"Mko wangapi?"

"Ni mimi peke yangu, Kogo."

"Haya. Unataka ile ya goti ama ile ya mzee wangu vile alikufa?"

"Sitaki shida yoyote. Nimekuja kukusalimia."

Alinitazama mikononi, akitafuta kalamu. "Kusalimia tu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, kusalimia tu. Akafungua mlango wote, akanionyesha kiti, na akaenda jikoni kubandika chai, akitembea sawasawa, bila kuchechemea hata kidogo.