Kisima cha Fidélie na Unga wa Injinia

Fidélie Kabamba anaosha chupa. Ndiyo kazi yake, na msicheke, maana mafuta ya mawese mnayonunua sokoni hapa Likasi yanatiwa katika chupa alizozisugua yeye kwa mchanga na maji ya moto. Miaka kumi na moja anaokota, anaosha, anawauzia wamama wa mafuta na asali. Hakuna aliyewahi kumwita mtetezi wa mazingira. Sifa hiyo tulimpa injinia Stanislas, ambaye hajaokota hata kifuniko.

Stanislas alikuja na suti ya buluu na maneno marefu, akakodi ghala lililopakana na lupango, yaani kiwanja, cha Fidélie. Alisema ataitia plastiki katika tanuru lisilopitisha hewa, itoke unga mweusi wa kaboni, laini kiasi kwamba jicho haliwezi kuona chembe yake, unga wa kutia ndani ya betri. Likasi itang'aa! Debe tupu haliachi kuvuma, nasi tukampigia makofi.

Sasa niwaambie usafi wenyewe. Tanuru linataka moto mkali kutwa nzima, na umeme wa bwawa la Mwadingusha huja ukipenda, kwa hiyo jenereta ikatutapikia moshi juu ya nguo tulizoanika. Mifuko iliyoziba mitaro ilibaki palepale, kwa kuwa bwana mkubwa hataki plastiki yenye tope. Alitaka chupa safi, yaani zile za Fidélie, ambazo hazikuwa takataka hata siku moja. Akazinunua karibu zote, na wamama wa mafuta walipokosa chupa wakafunga mafuta katika vifuko, na vifuko vikaishia mitaroni. Shahada za watu wengine sijui zinasomewa wapi.

Hayo Fidélie angeyavumilia. Lakini unga ule huoshwa kwa asidi kuondoa vumbi la chuma, na maji ya kuoshea yalimwagwa katika shimo nyuma ya ghala, hatua thelathini kutoka kisima chake. Kufika mwezi wa tatu, chupa alizoosha zilikuwa na utando wa kijivu, wateja wakazirudisha. Merdi, mtoto wake wa mwisho, akashikwa na tumbo lisilopona. Kisima kingine hana, na bomba la mtaa lilikauka zamani. Akaenda kwa injinia.

“Mama, hiyo maji iko safi,” Stanislas alimjibu bila kuinuka kitini. “Tulipima. Minye niko na papier. Weye uko na papier?”

Fidélie hakuwa na karatasi yoyote ya vipimo. Mimi jirani yake nililia kwa hasira. Yeye akaendelea kumchemshia mtoto maji yaleyale.

Siku ya uzinduzi rasmi wa kiwanda wageni walikuja kutoka Lubumbashi. Injinia alisimama akawaambia kwamba maji yanayotoka kiwandani kwake hayamdhuru mtu. Kisha ikaletwa bukari, ugali wetu, na bukari hailiwi kabla ya watu kunawishwa. Stanislas alitaka picha na mwanamke wa mtaa huu, basi akamwita Fidélie awamwagie wageni maji. Fidélie akaenda kisimani kwake, akateka mbele ya macho ya wote, akarudi na jagi na beseni. Akaanza na mgeni mkubwa kwa umri, kama ilivyo desturi, akapiga magoti.

Injinia akaruka kutoka kitini na kumpokonya jagi.

“Apana! Si hiyo ya kisima! Muletee bageni maji ya chupa!”

Mikono ya mzee ikabaki imekingwa juu ya beseni. Akamtazama injinia, akatazama jagi, kisha akamgeukia Fidélie.

“Mama, hii maji nani anakunywaka?”

“Batoto yangu,” Fidélie akasema. “Kila siku, papa. Ata leo asubui.”

Mzee akakunjua mikono ya shati lake, akatoka bila kula, na mezani hakubaki mgeni hata mmoja.