Nilisahihisha shairi la posa, nikajikuta nimemkataa mchumba

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, kama bado mpo humu. Waliobaki, marahaba. Haya yalinipata mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa mwari wa Mlingotini. Nimesoma hadi darasa la nne, ila kiburi kilikuwa cha darasa la nane.

Mwinshehe, mkulima wa Fukayosi, akanitumia posa ya shairi. Nilishamwona mara mbili kwenye harusi ya binamu yangu, na moyo ulishamkubali.

Kwetu, shairi la posa hujibiwa kwa shairi. Mwanamke akikirudia kituo, yaani ule mstari wa mwisho, kama kilivyo, amekubali. Akikibadili, amekataa kistaarabu na haulizwi.

Kituo chake hiki hapa:

*Shamba langu liko tayari, mvua ninaingojea.*

Nilikisoma siku nzima. Jina langu halimo, uzuri wangu haumo. Nilijua mvua ni mimi, lakini mbona kuitwa mvua kulinipendeza kuliko kuitwa mrembo? Nadhani mrembo hutazamwa tu, mvua huhitajiwa. Sina hakika hadi leo.

Halafu nikahesabu mizani. Kipande cha kwanza kina tisa badala ya nane. Shuleni tulichapwa kwa kosa hilo. Nikaona nimsitiri mwenzangu, nikaandika:

*Shamba limekwisha limwa, mvua ninaingojea.*

Jibu likapelekwa, nami roho kwatu.

Wiki ya tatu mshenga akaja kuaga. Alikuwa mjomba wake Mwinshehe. Nilimsikia barazani akimwambia baba, "Jibu tumelipokea, hatuna kinyongo. Ila kijana kanyamaza, hata shambani haendi."

Ndipo nikaelewa nilichofanya.

Mwari hasemi mbele ya washenga, wakuu. Nilisema, nyuma ya pazia: "Mjomba, sikumkataa. Mstari wake ulizidi mizani."

Baba akainamia mkeka. Nilitaka ardhi inimeze.

Mshenga akauliza taratibu, "Kwa hiyo mwanangu, ulikuwa unasahihisha?"

"Naam."

"Haya. Nitamwambia aandike upya."

Shairi likarudi baada ya siku chache. Beti mpya kabisa, kituo kilekile, mizani tisa vilevile. Chini yake ameandika: "Nimehesabu. Sipunguzi."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha nikakaa nikakinakili kituo chake neno kwa neno, na hiyo mizani yake ya tisa.

Niliishi naye Fukayosi mpaka Mungu alipomchukua. Sikumhesabia tena.

Nilichojifunza: kanuni za shairi zijue, lakini mtu akikuletea moyo wake, upokee kwanza.

Sasa nanyi niambieni, kuna mtu aliwahi kuwaita kitu kikawaingia kuliko jina lenu? Aliwaita nani? Nasoma zote, miwani ninayo.