Mlango Mfupi wa Depo ya Tonton Ramazani

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na tisa, nimepiga magoti uani kwa Tonton Ramazani pale Lubunga, mjini Kisangani, msumeno wa chuma mkononi, nakata kitu ambacho hakikuwa changu. Sitakuzungusha. Nitakuambia nilikata nini, kwa nini nilikikata, na ilikuwaje siku mbili baadaye nikawaamrisha wazee wa reli nao wakanitii. Najua unasema moyoni kwamba mama huyu ameanza kujisifu. Ndiyo, najisifu. Kaa usikilize.

Tulimwita Tonton, yaani mjomba, lakini hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, wote wawili wa familia zilizotoka Maniema. Maisha yake yote ya kazi aliendesha treni kati ya ukingo wetu wa kushoto wa mto na Ubundu, njia ile iliyojengwa kwa sababu meli haziwezi kupanda maporomoko. Alipostaafu, nyumba ilimshinda kukaa. Wiki mbili tu, mke wake Mama Zaina akaanza kulalamika kwamba mwanamume huyu anamfuata jikoni kukagua sufuria. Ndipo mzee akajitengenezea treni yake mwenyewe uani.

Usicheke. Injini ile ilikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole, na ndani yake mlikuwa na tangi la shaba, moto wa kweli na mvuke wa kweli. Reli zilipita nyuma ya jiko, zikakatiza kati ya migomba, zikarudi mbele ya baraza. Alizilaza juu ya mataruma ya mbao na kitanda cha kokoto, sawasawa na reli kubwa, maana mvua za Kisangani hazichagui mwezi. Moto wenyewe uliwaka kwa lotoko, ile pombe kali wanayopika akina mama wa mtaani. Watu walimtania sana: Ramazani, mtu wa safu ya mbele msikitini, ndiye mteja mwaminifu kuliko wote wa lotoko. Yeye alijibu kwamba anayekunywa ni injini, na injini haijasilimu.

Kilichokosekana ni depo, yaani banda ambamo injini inalala na kufanyiwa matengenezo. Mimi nilikuwa namaliza shule ya ufundi, upande wa ujenzi, msichana pekee darasani. Nilitaka nafasi katika karakana moja ya mafundi karibu na stesheni kuliko nilivyotaka chakula. Nilikwenda mara mbili kuomba, na mara mbili nilirudishwa mlangoni bila karatasi zangu kufunguliwa.

"Furaha," Tonton akaniambia, "jenga depo. Dimanche ya mwisho ya mwezi ule unakuya, wazee ba reli watakuja kuangalia, na chef wa ile karakana atakuja pia. Kama iko muzuri, miye nitasema naye. Nilisha kuwaambia kama ni weye unajenga."

Alishawaambia wote, hata chef, mkuu wa karakana, kwamba mimi ndiye ninayejenga, unaona? Aliweka jina lake juu ya kazi ambayo sikuwa nimeianza. Wenzake walimcheka. Papa Bosco, aliyekuwa kiongozi wa genge la kutengeneza njia ya reli, alisema msichana atawajengea jiko.

Nilijenga wiki sita, na hadi leo nikiifikiria kazi ile moyo wangu unachangamka. Matofali niliyafyatua mwenyewe kwa kalibu niliyoikata kutoka kopo la sardini, kila tofali dogo kuliko kidole gumba, nikayachoma kwa maganda ya mbegu za mawese hadi yakawa mekundu. Kuta nilizisimamisha juu ya fremu ya kambala, mbao ambayo mchwa hawaigusi. Makopo ya nyanya niliyanyoosha, nikayakandamiza juu ya spoku za baiskeli zilizopangwa mstari, yakatoka mabati yenye migongo kabisa. Bawaba za milango zilitoka kwenye mwavuli mbovu. Juu ya paa niliacha tundu refu la moshi, kwa sababu Tonton alisema injini iliyofungiwa na moshi wake inaoza. Ilipokamilika ilikuwa ndefu kama mkeka wa swala, nzito ajabu, na nzuri. Nilikuwa naizunguka nikijisemea, Furaha, wewe ni mtu.

Onyo Tonton alinipa moja tu: "Pima injini pale iko inasimama." Mimi niliipima mezani, sebuleni. Huko kulikuwa na kivuli, na Mama Zaina alikuwa ameniwekea sahani ya makemba, zile ndizi za kukaanga. Kutoka chini ya gurudumu hadi juu ya bomba la moshi, nikaandika, nikaongeza nafasi kidogo, nikala makemba yangu.

Ikafika Ijumaa ile, siku mbili kabla ya Jumapili ya wageni. Asubuhi vijana wanne wa jirani, mmoja kila pembe, walinisaidia kuibeba depo kuiweka mahali pake, wakaenda zao. Mchana Tonton akaenda msikitini, Mama Zaina akaenda sokoni. Nikabaki peke yangu, nikaisukuma injini taratibu kuelekea mlangoni. Tak! Bomba la moshi likagonga kizingiti cha juu. Nikarudisha, nikasukuma tena, kana kwamba mara ya pili mlango utanihurumia. Tak! Injini yangu ya mezani ilikuwa na magurudumu tu. Hii ya uani ilikuwa imepanda juu ya kokoto, taruma na reli. Ilizidi kwa vidole viwili.

Dawa yake niliijua palepale. Nyumba iinuliwe yote, reli zibaki zilipo, mstari wa mawe upangwe chini ya fremu, basi. Lakini depo ilikuwa nzito, na kona moja ikitangulia kupanda kuta zingepasuka. Ilihitaji watu kwenye kila pembe. Kuita watu maana yake ni kuwaeleza kwamba yule fundi wa kike aliyesifiwa mtaa mzima hajui kupima mlango. Dawa nyingine ningeweza kuifanya peke yangu, kabla ya swala kwisha.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo aibu yangu ilipo. Bomba lile la moshi lilikuwa kipande cha shaba kutoka injini ya mwisho ambayo Tonton aliiendesha. Siku walipoivunjavunja injini ile kuwa chuma chakavu, alikwenda akaomba kipande hicho, akakileta nyumbani kimefungwa katika shati. Alitusimulia habari hiyo mara nyingi hadi tukawa tunaimalizia sisi. Nilijua. Nikakata hivyo hivyo. Nikausugua mkato kwa majivu hadi ukang'aa, nikaisukuma injini, ikaingia bila kugusa. Na nikafurahi, mwanangu. Nikajipongeza.

Tonton alirudi na kanzu yake, akavuta kigoda, akaipangusa injini kwa kiganja kama kawaida yake. Mkono ulipofika juu ya bomba ukasimama.

"Furaha. Cheminée iko fupi."

Nikajifanya napanga kokoto.

"Nani alikata?"

"Ni miye, tonton."

"Juu ya nini?" Alitaka sababu.

"Mulango ilikuwa fupi."

Akanitazama, akautazama mlango. "Bon. Mulango iko fupi, unakata cheminée. Alors, kama mugeni wako iko murefu, utamukata kichwa juu aingie?"

Angepiga kelele ningeweza kuvumilia. Hakupiga. Aliniomba kipande nilichokikata, nikakitoa mfukoni, akakiangalia muda mrefu, akanirudishia.

"Kujenga unajua," akasema. "Ile hakuna mutu atakatala. Lakini nilisema kwa bantu kama weye uko fundi. Fundi anasema 'nilikosea' mapema, mbele ya injini kuanguka. Dimanche utasema weye mwenyewe, ao hautakuja. Miye sitasema kintu."

Akaingia ndani. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na kusema kweli nusu ya machozi yale ilikuwa ya hasira. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia reli, nikayakasirikia hata makemba ya Mama Zaina. Jumamosi niliamua mara tatu kwamba siendi tena kwa mzee yule. Baada ya mara ya tatu nikaenda kuchukua injini. Tonton akanipa. Nikaipeleka kwa fundi wa kulehemu, nikamwomba aniachie moto wake. Nikakirudisha kile kipande mahali pake, nikakizungushia pete ya shaba ili kishike, nikailehemu mwenyewe. Bomba likarudi urefu wake, lakini pete ilionekana wazi, na sikujaribu kuifuta. Depo sikuigusa.

Jumapili wakaja. Wazee saba wa reli walijipanga kwenye viti vya plastiki, mashati yamepigwa pasi. Chef wa karakana alikaa katikati yao, mtu mnene wa maneno machache. Papa Bosco hakungoja hata chai.

"Alors, Ramazani, jiko yetu iko wapi?"

Wakacheka. Tonton alikuwa anaangalia migomba. Nikasimama mbele yao, na sauti iliyotoka haikuwa nzuri lakini ilitoka.

"Bapapa, munisikilize. Depo ni miye nilijenga, na mulango yake iko fupi. Nilipima vibaya. Tena juu ya kuficha, nilikata cheminée ya tonton, ile ya injini yake ya zamani. Nimeiunga. Alama iko, mutaiona. Sasa nyumba inapashwa kupanda vidole mbili, na peke yangu siwezi. Ninaomba mikono yenu."

Kisha Papa Bosco, huyo huyo wa jiko, akainuka, akakunja suruali hadi magotini.

"Mitaimbo iko wapi?" akauliza. "Miye niliinua reli hii yote mupaka Ubundu. Nitashindwa na kanyumba?"

Basi wakainuka wote! Wazee ambao dakika ile walikuwa wanalalamika viuno wakaanza kugombania mitaimbo. Nikaweka mmoja mmoja kwenye kila kona, watatu waliobaki nikawapa mawe, na Papa Bosco akauliza nani anahesabu. Katika genge la reli kuna mtu mmoja tu wa kuhesabu, wengine wote wanatii sauti yake. Wakageuka wakaniangalia mimi.

"Moja, mbili, hisse!" nikaita. Nyumba ikapanda unene wa ukucha. "Moja, mbili, hisse!" Ikapanda tena. "Papa Bosco, unatangulia! Shuka kidogo!" Akashuka. "Maisha yangu yote," akahema, "sikuamuriwa na mwanamuke, ila na muke yangu tu." Wakacheka huku wamekaza meno, na mitaimbo haikutikisika. "Mawe! Ingiza mawe! Achilia polepole." Nyumba ikakaa. Nilipita kuta zote kwa kidole na kwa jicho. Hakukuwa na ufa hata mmoja.

Tonton akajaza lotoko, akawasha. Tulingoja maji yachemke. Injini ikapiga filimbi, ikaondoka, ikapotea nyuma ya jiko, ikatokea kati ya migomba ikitoa mvuke, na bomba lake lenye pete limesimama wima. Ikaukabili mlango. Mimi nilifumba macho. Nilichosikia ni vigelegele vya Mama Zaina, na nilipofumbua injini ilikuwa ndani nzima, moshi unatoka kwenye tundu la paa kama tulivyopanga, na wazee saba wanaruka uani wameshikana mabega. Nililia tena. Tonton naye alilia, mbele za watu, akinishika kichwa kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo siku niliyoshinda, mwanangu, na ushindi mkubwa kuliko ule sijauona.

Mtu mmoja alimkumbusha chef kwamba msichana huyu alikata bomba la mwenye injini. Chef akanywa chai yake kwanza.

"Juu ya ile ndiyo minamuchukua," akasema. "Ba kujenga muzuri niko nabo wengi. Ba kusema kosa yabo vile, ndiyo minatafutaka." Akanigeukia. "Lundi, saa moja ya asubuyi."

Jumatatu hiyo nilianza, nikakaa katika karakana ile hadi nilipostaafu, na miaka ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nawahesabia wengine.

Sasa chukua nasaha yangu. Leo nyinyi mnapima kwa simu, na simu haisahau kokoto. Lakini kukosea mtakosea, na siku hiyo utaona njia mbili mbele yako: moja unaweza kuipita peke yako, haraka, watu wakiwa hawapo, nyingine inakutaka uwaite watu na uwaeleze. Ile ya peke yako iogope. Karibu kila mara inakata kitu cha mtu mwingine ili kosa lako lipate nafasi ya kupita. Waite watu. Watakucheka, ndiyo, mimi walinicheka. Kisha watakunja suruali.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono inayojua kazi na jicho linaloona kosa mapema. Akupe mzee wa kukukemea bila kukutupa. Na siku utakaposimama mbele za watu na kusema "nimekosea, njooni mnisaidie kuinua," aujaze ua wako watu, na wote waje na nguvu zao. Amina.